Kilio Ndani ya Kivunjambavu

Boga lile lilipowekwa mezani, Bi. Nyamizi Kasanda hakuligusa kwanza. Alilitazama, kama anavyotazamwa mkwe anayekuja kuposa.

Kazi yake pale Bandari Kavu ya Mtakuja ilikuwa hiyo, kutazama. Mzigo ukishuka kwenye treni hauendi dukani mpaka mtu wa meza ya uainishaji aseme ni kitu gani, maana ushuru unafuata jina, na sheria nayo inafuata jina. Kisu kikiitwa cha jikoni kinapita. Kikiitwa silaha, mwenyewe ataitwa kituoni.

Boga la leo halikuwa la kula, lilikuwa chombo chenye umbo la boga. Lilikuwa duara, zito kiasi, ngozi yake laini na ya uvuguvugu. Bwana Seif Kilalo, wakala wa forodha, alikuwa amelibeba mwenyewe kutoka bohari, asimwachie mpagazi.

"Shikamoo, Bi. Nyamizi."

"Marahaba. Mbona leo umejipaka manukato ya bwana harusi?"

"Nimekuja na harusi yenyewe, mama. Imo humu ndani. Wenyewe wanaliita Kivunjambavu." Akalipapasa. "Si unaona mambo yalivyo siku hizi? Mtu anaalika ukoo mzima, wanakuja wawili. Waliobaki wanatuma taswira zao zikae vitini, zinatabasamu, chakula kinapoa. Sherehe imekuwa kama chumba cha daktari. Basi ukiliweka hili katikati, nyumba inajaa."

"Inajaa nani?"

"Utasikia."

Meza yenyewe ilikuwa na mashine, jina lake Mizani, jicho moja na masikio mengi. Mizani ilipima, ikanusa, ikasema kwa sauti yake ya mtangazaji wa magazeti: "Sura ya Tisini na Tano ya kitabu cha ushuru. Michezo ya mezani na ya karamu."

Maneno hayo peke yake hayakutosha. Mizani iliwahi kuyaita maziwa ya watoto rangi ya ukuta, na nchi nzima ikahangaika na vichanga mgongoni kutafuta maziwa. Tangu hapo sheria ikataka kiganja cha mtu kiwekwe kwenye kioo, chini ya neno la mashine. Pasipo kiganja, neno la Mizani ni upepo.

Bi. Nyamizi hakuweka kiganja. Desturi ya meza yao ilikuwa kwamba mchezo hauainishwi kwa macho, lazima uchezwe. Akamwita Tusekile, afisa mwenzake aliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio mpaka mwisho wa mwezi, na akamwita mkuu wa kituo, Bwana Rweyongeza, ambaye hapendi kuitwa lakini hupenda michezo.

"Sheria yake ni moja," Kilalo akaeleza walipokaa. "Boga linakutania. Wewe unalijibu kwa utani mkubwa zaidi. Ukicheka kabla ya kujibu, umekwisha."

Boga likawaka rangi ya chungwa, na chumba kikajaa watu. Hawakuonekana, lakini walikuwepo. Sahani ziligongana, ngoma ikadunda uani, mtu aliita aletewe chumvi, watoto walifukuzana, na vicheko vya watu wazima vikapanda kila upande. Tusekile aligeuka kutazama nyuma ya kiti chake.

"Huyu mwenye tai, mtu wa Kagera," boga likasema kwa sauti ya kike, "msimpe kipaza sauti, atatusomea vyeti vyake mpaka chakula kilale."

Umati ukaangua kicheko. Bwana Rweyongeza akakaza midomo. "Nilisomee boga vyeti? Boga lenyewe halijamaliza darasa la kwanza."

"Na huyu dada wa Tukuyu, mbona kajikunyata? Au hakuagana na baridi ya kwao, kaja nayo kwenye pochi?"

Tusekile alicheka hata kabla hajafungua mdomo, akatoka mchezoni, akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Bi. Nyamizi mwenyewe alisikia mbavu zikimlegea. Kitu kile kilikuwa kizuri, asingesema uongo. Tangu abaki peke yake nyumbani, hakuwa amekaa katikati ya kelele tamu namna ile.

Boga likamgeukia. Safari hii ilikuwa sauti ya mwanamume, ya mikwaruzo, Mzaramo wa pwani aliyezeeka bara:

"Tazameni bwana mkubwa huyu! Watu wote hawa wamejaa uani kwake, yeye kalala chali, hata salamu hajibu! Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu, leo mmoja wenu kabebwa mara moja tu, kelele mpaka Ujiji! Haondoki huyu, haondoki mpaka nipewe jogoo!"

Umati ukapasuka. Kilalo akapiga meza, Rweyongeza akalegeza tai. Na chini ya vicheko, kwa mbali, ikasikika sauti ya mwanamke ikipanda na kushuka kama wimbo.

"Jibu, Bi. Nyamizi," mkuu akasema huku akihema. "Usituangushe."

Bi. Nyamizi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Rudisha pale," akasema. "Irudie hiyo."

* * *

Alimjua msemaji. Alikuwa Pazi Mwinyikondo, fundi baiskeli, mtani wao wa miaka yote. Na bwana mkubwa aliyelala chali asijibu salamu hakuwa mlevi wa harusini. Alikuwa Shabani Igalula, Baba Mwamini, mume wake, ndani ya sanda.

Siku ile Pazi alilala juu ya jeneza uani akakataa lisinyanyuliwe, akadai jogoo, akawatukana Wanyamwezi wote waliopo na waliokufa, na watu waliokuwa wakilia wakacheka huku wanalia, kwa sababu mtani ana haki hiyo. Alipopewa jogoo wake akamfunga miguu, akavua shati, akashika jembe. Hakuna aliyetangulia kushuka kaburini kuchimba kabla ya Pazi. Ulimi wake na jembe lake vilikuwa kitu kimoja. Ukimpa ruhusa ya kimoja umempa cha pili.

Hapa jembe halikuwemo.

Hayo aliyaweka moyoni. Alitaka kwanza kujua kitu hiki ni nini, na njia ya kujua ilikuwepo. Waliiita kumenya. Kitu chenye mambo mengi ndani yake huitwa kwa lile moja linalokifanya kiwe chenyewe, kwa hiyo unatoa ganda moja, unatazama, unatoa jingine. Ganda ambalo likitoka kitu kinakufa, hilo ndilo jina lake.

"Tusekile, tumenye."

Kilalo akatazama saa. "Mama, si mashine imeshasema?"

"Imesema. Sasa nasikiliza na mimi."

Mizani ikachora mstari wa kijani ukutani. Mstari ule ulipima uchangamfu, yaani kiasi gani mtu aliyeko chumbani atajisikia yuko kwenye mkusanyiko wa watu. Ulikuwa umesimama juu kabisa.

"Toa utani," Tusekile akaagiza, na sauti za kutania zikazimika. Mstari ukashuka kidogo tu.

"Toa ngoma." Ukashuka kidogo tena. "Toa sahani na watoto."

"Sasa toa vicheko," akasema Bi. Nyamizi.

Kilalo akatabasamu. Mchezo wa kuchekesha ukitolewa kicheko utabaki na nini? Lakini mstari haukuanguka. Ulitikisika, ukasimama. Katika chumba chote sasa ilibaki ile sauti ya mwanamke peke yake, na bado mtu alijisikia yuko kati ya watu, tena watu wa karibu, wanaomgusa bega.

"Kimebaki nini?" Bi. Nyamizi akauliza.

"Wimbo," Mizani ikajibu. "Mwimbaji mmoja, mwanamke, mtu mzima. Maneno hakuna."

"Uutoe."

Mstari ukalala chini kama kamba iliyokatwa. Taa ya boga ikazimika. Tusekile akarudisha vyote isipokuwa wimbo, yaani ngoma, sahani, vicheko na Pazi na jogoo wake. Havikuamka. Vicheko vilisikika kama punje za mahindi zinazomwagwa juu ya bati.

"Kwa hiyo ni sanduku la muziki," Kilalo akajaribu.

"Huo si wimbo," Bi. Nyamizi akasema. "Ni kilio. Huo ni msiba, Bwana Kilalo. Umetuletea misiba ya watu ndani ya boga."

Tusekile ndiye aliyelielewa kosa haraka, akalieleza polepole kama mtu anayehesabu ngazi gizani. "Wale watengenezaji walikusanya sauti za mikusanyiko ya huku. Vipaza sauti vya kukodi siku hizi vinanasa sauti za watu huku vinasema. Mashine yao ikasikia turubai, sahani, ngoma, watu wanatukanana kirafiki, wanacheka. Ikasema karamu. Kwao nani anacheka msibani? Hawana watani."

"Na analia nani karamuni?" Rweyongeza akauliza.

"Hakuna. Basi kilio kikaitwa wimbo."

Kilalo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kazi. Akavuta kiti mbele. "Watengenezaji wametoa kiapo kwamba sauti zote zimepikwa na mashine. Hakuna binadamu humo. Mkisema yumo, sawa, ni haki yenu. Lakini kilio cha nani? Mleteni mwenyewe."

* * *

Adhana ya adhuhuri ilimkuta Bi. Nyamizi koridoni, na mkuu wake yuko pembeni yake.

"Mimi sikubishii ulichosikia," Bwana Rweyongeza alisema kwa sauti ya chini. "Lakini Idi ya Kuchinja imekaribia, bohari limejaa hayo maboga, wapagazi wanangoja kazi. Hao waliolia hawajulikani. Pengine wenyewe wamesahau. Weka kiganja, Bi. Nyamizi. Ni mchezo, watu wacheke. Kwani nchi hii imechoka kucheka?"

"Nikaswali kwanza, bosi."

"Nenda. Mimi nakungoja."

Akaswali katika chumba kidogo cha kuhifadhia mizani za zamani, na alipotoa salamu hakuinuka. Akakaa juu ya mkeka, miguu imekunjwa, akalipima jambo.

Sheria za forodha alizijua, na mbili zilikuwa zimesimama mbele yake kama milango miwili iliyofungana. Ya kwanza ilisema kwamba mzigo wenye mdai hautoki mpaka mdai aridhike. Akisema kilio ni changu, mzigo unapata mdai, na kiapo cha watengenezaji kinavunjika. Ya pili ilisema kwamba mwenye haki ndani ya mzigo haweki kiganja. Akisema kilio ni changu, anaondoka mezani saa hiyo hiyo, na kiti anakaa Tusekile, ambaye mkuu ndiye wa kumthibitisha kazini au kumrudisha kwao.

Akinyamaza, kiganja kinabaki chake. Ataandika ni sauti za watu zilizochukuliwa bila idhini. Kisha Kilalo atakata rufaa na kiapo chake mkononi, watauliza mtu yuko wapi, na yeye, mtu mwenyewe, atakuwa amekaa pale pale akitazama kucha zake. Atakuwa na nguvu bila ukweli. Au awe na ukweli bila nguvu.

Kulikuwa na jambo la tatu, dogo, ambalo mtu halisemi. Kilio kile alikilia mbele ya wanawake wa nyumbani. Kukidai ni kukiweka juu ya meza ya ofisi, wanaume wakisikilize na kukipima kama nguo ya mtumba.

Hakuomba ujasiri. Aliomba ulimi wake usizunguke. Akakunja mkeka, akarudi.

* * *

Walikuwa wameshaagiza chai. Kilalo alimwekea kikombe chake, tena akakumbuka kwamba hanywi yenye sukari. Bi. Nyamizi hakukaa.

"Mwenyewe umesema aletwe," akasema. "Nimemleta. Mwanamke huyo ni mimi."

Kijiko cha Rweyongeza kikasimama ndani ya kikombe.

"Mama," Kilalo akaanza kwa upole, "huzuni ina hila. Mtu aliyefiwa husikia vyake kila mahali. Sauti za kina mama zinafanana."

"Zinafanana. Unataka nilie hapa, Mizani ilinganishe?"

Kilalo akageuzageuza kikombe chake.

"Sitalia. Machozi yangu si sampuli. Tusekile, mwanangu, kiweke kile kilio peke yake, lakini usikifungue bado. Mizani ilisema ni wimbo usio na maneno, sivyo? Mimi nitawaambia maneno, ndipo mtafungua." Akashusha pumzi. "Kwanza ataita, Baba Mwamini. Mara mbili. Halafu atasema, redio yako bado inaongea, nani aizime. Ilikuwa inaongea kweli, tangu alfajiri, hakuna aliyethubutu kuigusa. Akifika kwenye neno nani kwa mara ya pili, sauti itazibika. Shangazi yangu alinifunika mdomo kwa kanga. Fungua sasa."

Tusekile akafungua.

Kwa sikio la kawaida ulikuwa mpando na mshuko tu. Lakini mtu aliyeambiwa cha kusikiliza hakuweza tena kutokusikia. Baba Mwamini. Baba Mwamini. Redio. Na pale aliposema, pale pale, sauti ikamezwa na nguo.

Bwana Rweyongeza akakisukuma kikombe chake mbali. Alipozungumza, alizungumza kama mkuu wa kituo. "Kwa hiyo umekuwa na haki ndani ya mzigo. Unaijua sheria."

"Naijua." Akavua kitambulisho cha meza, akakiweka mbele ya Tusekile, akazunguka, akaenda kukaa kwenye benchi la upande wa pili, wanapokaa wafanyabiashara na watu wenye malalamiko. Benchi lilikuwa gumu. Miaka yote hakuwahi kulikalia. "Sasa mimi si afisa. Mimi ni mdai."

Kilalo naye alizijua sheria. Alifikiri kidogo, uso wake ukafunguka, na alichokisema alikisema kwa moyo mweupe, hilo lazima litajwe.

"Basi turidhiane, mama yangu. Nisamehe, sikujua. Sauti yako naitoa. Sasa hivi, mbele ya macho yako, inafutika kwenye maboga yote, duniani kote, watengenezaji wenyewe watathibitisha. Hakuna mtu atakayeisikia tena. Unarudi nyumbani na heshima yako, unarudi na kwenye kiti chako."

Lilikuwa neno zuri. Bi. Nyamizi alilisikia likimwingia kama maji kwenye koo kavu. Hakuna atakayeinua glasi ya bia huku anacheka juu ya redio ya Baba Mwamini. Angesema ndiyo tu, na kilio chake kingelala mahali pake.

"Na pengo?" akauliza. "Tumeona wenyewe, bila kilio boga linakufa. Utajaza na nini?"

Kilalo akapapasa ngozi ya boga kwa kidole. "Zipo sauti nyingine. Zipo za akiba."

"Niwekee moja."

"Hakuna haja, mama."

"Niwekee."

Akaiweka. Alikuwa mwanamume, mzee. Huyu hakuita jina la mtu. Alikuwa akisema hapana, kwa sauti ndogo, tena na tena, kama anayebishana na mtu aliyesimama mbele yake na hataki kumwelewa. Mstari wa kijani ukutani ukapanda taratibu, ukasimama juu kabisa.

"Wimbo," Mizani ikasema.

"Nyamaza wewe," Tusekile akaiambia.

"Ziko ngapi namna hii?" Bi. Nyamizi akauliza.

"Sijui, mama. Nyingi."

"Na huyu mzee naye tumwambie aje mwenyewe?" Akawageukia wote wawili. "Basi sikiliza, Bwana Kilalo, nawe bosi usikilize. Changu msikitoe."

Rweyongeza akainua kichwa. "Unasemaje?"

"Kikitoka, mimi si mdai tena, na mzigo unatoka na mzee huyu ndani yake. Kikibaki, nina haki humo, na mzigo unakaa. Nasema kibaki. Sijaridhika na sitaridhishwa."

"Bi. Nyamizi, hebu fikiri. Kila mkaguzi atakayekuja atakifungua. Wanasheria watakifungua. Kitasikilizwa na watu usiowajua, wamekaa na soda zao. Umekubali hilo?"

"Sikulipenda. Nimelikubali."

"Na kiti chako? Kesi kama hii haina mwisho. Utakaa benchi mpaka lini?"

"Mpaka huyu mzee apate mtu wa kumjua. Na wa pili wake. Na wa tatu. Mkiona nachelewesha mizigo, nifukuzeni, nitakuja kama raia. Benchi hili halina geti."

Mkuu wa kituo akamgeukia Tusekile, kwa kuwa mtu mwenye tai hawezi kubishana na benchi. "Afisa wa meza. Kiganja. Unalo neno la Mizani mbele yako, michezo ya karamu. Na unajua mwisho wa mwezi una nini."

Tusekile alikuwa mwembamba, mikono yake midogo. Akalisogeza pembeni neno la Mizani kwenye kioo. Chini yake likatokea lile jingine ambalo maafisa hulitumia mara chache mno, *una mdai*. Akaweka kiganja chake hapo, akakandamiza mpaka kioo kikageuka chekundu. Nje, bohari likasikika likijifunga, mlango baada ya mlango.

"Utajuta, binti," Rweyongeza akasema, lakini bila nguvu.

"Huenda, bosi."

Mzee ndani ya boga alikuwa bado anakataa, hapana, hapana. Kilalo aliona aibu, akanyoosha mkono amzime.

"Mwache," Bi. Nyamizi akasema kutoka benchini. "Mwache amalize."

Kilalo akarudisha mkono. Wakakaa wote wanne wakimsikiliza, kama watu waliokuja kuhani msiba.